Niuze kiwanja cha mama nikasomee haki za binadamu Uingereza?

"Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 28, naishi Shinyanga, nina mtoto wa miaka minne. Nina shahada ya kwanza ya sosholojia, GPA 3.6, na huu ni mwaka wa tatu nafanya kazi ya usaidizi wa kisheria katika shirika dogo. Kesi zangu nyingi ni za wajane wanaonyang'anywa mashamba na nyumba na ndugu wa marehemu. Mama yangu mwenyewe yalimkuta, akahangaika miaka sita mpaka akarudishiwa kiwanja chake. Mwaka huu, kupitia wakala mmoja, nimepata nafasi ya uzamili wa haki za binadamu na haki jamii Uingereza. Ada ni pauni 19,000, na natakiwa kutanguliza pauni 4,000 kabla ya mwisho wa mwezi ujao. Wakala anasema zilizobaki nitalipa kwa kufanya kazi nikiwa huko, na mtoto atanifuata baada ya miezi mitatu. Mama yuko tayari kuuza kile kiwanja. Baba mdogo anasema haki za binadamu ni mambo ya wazungu, nitarudi nimeharibika. Mimi nataka nikirudi niwasimamie wajane mahakamani, nimechoka kuwaandikia barua tu. Siku hizi hata usingizi sipati, naota kesi. Nchi gani hasa inafundisha vizuri mambo haya? Na je, tuuze?"

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo lenye tarehe: msiuze. Sikukatazi kwenda. Mimi nilikwenda, nikarudi, na sijajuta. Ila wakala amekuambia mambo ambayo si kweli, na wewe mwenyewe unataka jambo moja ambalo shahada hiyo haitakupa hata ukiimaliza kwa alama za juu. Nianze na hilo lako.

Unataka ukirudi uwasimamie wajane mahakamani. Uzamili wa haki za binadamu haumfanyi mtu kuwa wakili Tanzania, uwe umetoka London au Pretoria. Njia ya uwakili kwetu ni shahada ya kwanza ya sheria, kisha Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo pale Dar es Salaam, kisha kuapishwa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 iliyowatambua ninyi wasaidizi wa kisheria iliwapa kazi ya kuelimisha, kushauri na kuelekeza watu; haikuwapa nafasi ya wakili. Ukirudi na uzamili wako utakaa kwenye benchi lile lile la nyuma unalokaa leo, ukimnong'oneza mama karatasi ipi atoe kwanza. Kama kiu yako kubwa ni kusimama mbele ya hakimu, Chuo Kikuu Huria kina shahada ya sheria unayoweza kuisoma ukiwa kazini, mtoto amelala chumba cha pili. Ni safari ndefu, na wengi huiacha njiani, sikufichi. Lakini ndiyo inayofika mahakamani.

Nadhani mkanganyiko huu umechangiwa na lugha yetu yenyewe. Sisi tuna neno moja tu, haki. Mjane ana haki ya kuishi nyumbani kwake. Hakimu ametenda haki. Mwizi kapigwa, haki yake! Lugha zilizoandika mitaala hiyo ya nje zimeligawa neno hili vipande, na kila kipande kina kozi yake. Kozi za haki za binadamu kwa kawaida hukufundisha mikataba, vyombo vinavyoisimamia, na wajibu wa dola kwa mtu mmoja mmoja. Kozi za haki jamii huuliza maswali ya upana zaidi: ardhi iko mikononi mwa nani, nani hulipwa nini kwa kazi gani, kwa nini kikao cha ukoo kina sauti kuliko mwanamke aliyelima shamba miaka ishirini. Za kwanza hukaa zaidi katika vitivo vya sheria, na ukiona LLM, yaani uzamili wa sheria, ujue mara nyingi wanamtaka mwenye shahada ya sheria. Za pili huwapokea kwa mikono miwili watu wa sosholojia kama wewe. Zipo zinazochanganya, mfano ile ya taasisi ya masomo ya jamii ya ISS pale The Hague, ambako haki za binadamu, jinsia na migogoro husomwa pamoja. Kabla ya kupenda jina la chuo, fungua orodha ya masomo ya muhula wa kwanza na wa pili uone unachonunua ni kipi.

Nikwambie nilivyojifunza mimi. Ilikuwa Novemba, saa kumi jioni nje kumeshakuwa giza, darasani tuko watu kumi na wanne na mimi nimevaa sweta mbili. Tuliagizwa kila mmoja alete dhuluma moja anayoijua kwa macho yake. Nikaeleza habari ya mama mmoja wa kijijini kwetu aliyetolewa nyumbani siku ya arobaini ya mumewe, godoro likarushwa uani watoto wanaangalia. Nikamalizia kwa kishindo: jamii inawakandamiza wanawake. Mwalimu hakubisha. Alichora safu mbili ubaoni, moja akaiandika mwenye haki, ya pili mwenye wajibu. Kwenye ya kwanza akaandika mjane. Akanigeukia: kwenye ya pili niandike nani? Nikasema jamii. Akauliza, jamii anwani yake ni ipi, barua yetu tuipeleke wapi?

Tulitumia saa nzima kuijaza ile safu ya pili. Shemeji aliyerusha godoro alikuwamo, lakini hakuwa peke yake. Alikuwamo mwenyekiti wa kijiji aliyeugonga mhuri muhtasari wa kikao cha ukoo. Alikuwamo hakimu wa mahakama ya mwanzo aliyemteua shemeji kuwa msimamizi wa mirathi bila kumuuliza mjane hata neno. Na juu yao kulikuwa na waliotunga sheria na kuliacha Tangazo la Sheria za Mila la 1963 liendelee kusema kwamba mjane hana fungu katika mirathi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza. Kufikia mwisho wa kipindi ubao ulikuwa umejaa watu wenye vyeo, mihuri na anwani. Dhuluma ya nyumbani huwa suala la haki za binadamu pale dola ilipokuwa na wajibu wa kuizuia au kuirekebisha, ikakaa kimya. Hilo moja ndilo lililobadilisha namna ninavyoandika barua. Na wewe unayesema umechoka kuandika barua, huenda kinachokuchosha ni kuandika kwa shemeji peke yake.

Mfano mzuri kuliko wangu uko hapo hapo Shinyanga. Wajane wawili wa Kisukuma, wanaotajwa kwenye kumbukumbu za Umoja wa Mataifa kwa herufi E.S. na S.C., walifukuzwa kwenye nyumba zao pamoja na watoto baada ya waume zao kufariki. Wakaipinga ile sheria ya mila ya 1963 Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama ikakubali kwamba sheria ile inabagua, lakini ikakataa kuifuta. Wakakata rufaa, mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa kwa kasoro za hati. Watu wengi wangeishia hapo. Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake, WLAC, kikishirikiana na kliniki ya sheria ya Chuo Kikuu cha Georgetown kule Marekani, kikaipeleka kesi mbele ya kamati ya CEDAW, ile ya kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake. Machi 2015 kamati ikasema Tanzania imekiuka mkataba, iwalipe fidia wajane wale na kuzirekebisha sheria hizo za mila.

Angalia vizuri aliyefanya nini hapo. Wajane na shirika la Dar es Salaam walikuwa na kesi, ushahidi na uvumilivu wa miaka mingi. Chuo cha nje kilikuwa na kliniki, yaani wanafunzi na wahadhiri wanaojua njia ya kufika kwenye ile kamati na jinsi ya kuiandikia. Masomo ya nje yakienda vizuri hukupa kipande hicho cha pili. Hicho cha kwanza unacho tayari kwenye madaftari yako ya kesi za wajane, na nitarudi huko.

Njia hizo zina makufuli yake, na darasa zuri hukufundisha funguo. Kwanza, mara nyingi sharti umalize ngazi za mahakama za nyumbani, au uonyeshe kwamba zimechukua muda usio na maana. Kisha kila chombo kina masharti yake. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko Arusha, mwendo wa siku moja kwa basi kutoka kwako, lakini Novemba 2019 Tanzania iliondoa lile tamko la ibara ya 34(6) lililowaruhusu watu binafsi na mashirika kwenda huko moja kwa moja, na mwaka mmoja baadaye mlango ukafungwa kwa kesi mpya za namna hiyo. Unaweza bado kwenda kwenye Kamisheni ya Afrika iliyoko Banjul, Gambia. Ipo pia Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, hapo hapo Arusha, ila yenyewe inakupa miezi miwili tu tangu tendo unalolilalamikia litokee au ulijue. Miezi miwili! Mashirika mangapi yetu hutumia miezi miwili kutafuta mgeni rasmi wa kuzindua mradi?

Baba mdogo nisimpite. Anasema ni mambo ya wazungu, na ana robo ya ukweli. Azimio la Umoja wa Mataifa la haki za binadamu lilipopigiwa kura tarehe 10 Desemba 1948, Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza na hakuna aliyetuuliza. Lakini Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu ulipitishwa Nairobi mwaka 1981, na ndani yake, pamoja na haki, kuna wajibu wa mtu kwa familia yake na kuheshimu wazazi wake; msomee hiyo ibara ya 29, ataipenda. Na mwaka 1983, kabla Hati ya Haki haijaingizwa kwenye Katiba yetu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilishaamua katika kesi ya Bi Hawa Mohamed kwamba kazi za nyumbani anazofanya mke ni mchango katika mali ya ndoa. Majaji wale hawakuwa wanaiga mtu. Sitauliza baba mdogo alikuwa upande gani katika ile miaka sita ya mama yako.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo watu huumia.

Wakala anasema utalipa ada kwa kufanya kazi. Viza ya mwanafunzi ya Uingereza hairuhusu hesabu hiyo. Kabla hujapewa viza, lazima uonyeshe kwamba unayo ada yote iliyobaki ya mwaka wa kwanza, pamoja na pesa ya kuishi, zaidi ya pauni 1,100 kwa mwezi kwa miezi 9 ukisoma nje ya London, na pesa hiyo iwe imekaa benki siku 28 mfululizo bila kupungua. Ongeza mchango wa matibabu, pauni 776 kwa mwaka. Jumla inagonga pauni 30,000, karibu shilingi milioni mia moja. Kiwanja cha mama kitalipa ile pauni 4,000 ya kutanguliza, na hapo kitakuwa kimekwisha. Hata ukishafika, wakati wa muhula huruhusiwi kuzidi saa 20 za kazi kwa wiki. Kwa kima cha chini cha huko hiyo ni pauni 250 hivi kwa wiki, ukibahatika kupata saa zote. Inalipa chumba na chakula. Ada haiguswi. Na wakala akikwambia anaweza kukutengenezea taarifa ya benki "ya kuonyesha", kata simu: nyaraka za kughushi zinaweza kukufungia mlango wa nchi ile miaka 10.

La mtoto ndilo lililonikasirisha zaidi. Tangu Januari 2024 wanafunzi wa uzamili wa kufundishwa darasani hawaruhusiwi kuwachukua wategemezi wao, isipokuwa walio kwenye shahada za utafiti na wale wenye ufadhili kamili wa serikali. Kwa hiyo baada ya miezi mitatu mtoto hatakufuata. Utakaa mwaka mzima ukimwona kwenye simu. Wapo kina mama waliofanya hivyo na wakasimama, wala sikuhukumu ukiamua, lakini uamue ukijua.

Kwa nini wakala aseme hivyo? Vyuo vingi huwalipa mawakala kamisheni kwa kila mwanafunzi anayesajiliwa na kulipa. Si dhambi, ni biashara, na wapo mawakala waaminifu. Ila utaona hakutaja ufadhili hata mara moja, maana mwenye ufadhili huomba mwenyewe na wakala hapati kitu. Muulize kama amesajiliwa na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kisha uwaulize TCU wenyewe.

Uliuliza nchi gani inafundisha vizuri. Ningekuwa wewe ningeuliza nataka kujua njia ipi, halafu wanaoijua wako wapi. Kama njia unayoitaka ni ya Afrika, yaani Banjul na Arusha, sijui mahali pa kuizidi Pretoria. Kituo cha Haki za Binadamu cha chuo kikuu kile kilianzishwa mwaka 1986, katikati ya ubaguzi wa rangi wenyewe, na uzamili wao wa haki za binadamu na demokrasia barani Afrika huchukua watu thelathini hivi kutoka nchi mbalimbali za bara hili. Wanasheria hupewa LLM, wasio wanasheria kama wewe hupewa MPhil, ambayo nayo ni shahada ya uzamili. Nusu ya mwaka mnakaa Pretoria, kisha mnatawanywa kwenye vyuo washirika katika nchi nyingine za Afrika. Kuna ufadhili, ushindani wake ni mkali. Kwa Ulaya, Essex pale Colchester wana kituo cha tangu miaka ya 1980 chenye jina zito, Lund kule Uswidi wana taasisi ya Raoul Wallenberg, na Venice kuna uzamili unaofundishwa kwenye kisiwa cha Lido, ndani ya jengo lililokuwa monasteri, kabla ya kila mtu kupelekwa chuo kingine kwa muhula wa pili. Makerere pia wana kituo chao, HURIPEC, tangu 1993. Usikidharau kwa sababu unakifikia kwa basi.

Na tusisahau kwamba "nje" ni suala la umetokea wapi. Willy Mutunga, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wa Kenya, alisomea sheria Dar es Salaam. Makau Mutua alifukuzwa Chuo Kikuu cha Nairobi kwa siasa za wanafunzi, akaja Dar kumalizia sheria, ndipo akaenda Harvard. Mwaka 1992 wote wawili walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, KHRC. Kwa kizazi kile Mlimani ndiko kulikokuwa ng'ambo.

Kuhusu ufadhili, tahadhari moja kwanza: ushauri wa kaka zako wa zamani umepitwa. Norway iliyokuwa bure ilianza kutoza ada wanafunzi wanaotoka nje ya Ulaya mwaka 2023. Ujerumani vyuo vingi vya umma bado havitozi, lakini ubalozi hutaka uonyeshe akaunti maalumu yenye euro 11,904 za mwaka mmoja. Kwa Uingereza, omba Chevening; wanataka saa 2,800 za uzoefu wa kazi, na za kujitolea zinahesabiwa, kwa hiyo miaka yako mitatu inatosha. Dirisha hufunguliwa Agosti, unachagua kozi tatu, na sharti lao ni urudi nyumbani miaka miwili. Sharti hilo wewe halikuumizi. Tazama pia ufadhili wa Jumuiya ya Madola, na Erasmus Mundus wa Umoja wa Ulaya, ambao hulipa ada na kukupa euro 1,400 kwa mwezi. Wana uzamili wa sera na utendaji wa haki za binadamu unaozungushwa kati ya Gothenburg, Bilbao, London na Tromsø. Hakuna ufadhili wa kweli kati ya huu unaotoza pesa ya fomu. IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, itakugharimu laki kadhaa na matokeo yake huishi miaka miwili tu, basi usikimbilie kuifanya kabla hujajua unaomba wapi.

Barua ya maombi ndiyo itakayokubeba, na hapa nataka ukae chini na yale madaftari yako. Nimesoma barua nyingi za vijana wetu na karibu zote huanza hivi: tangu utotoni nimekuwa na shauku ya kuwatetea wanyonge. Anayechagua ameshasoma sentensi hiyo mara hamsini kabla ya chai. Wewe una vitu. Anza na mama aliyekuja ofisini na risiti ya mabati iliyochakaa, yenye jina lake, ndiyo ushahidi pekee kwamba nyumba ile aliijenga pamoja na mumewe. Eleza ulifanya nini siku ile, ulikwama wapi, na ni ujuzi gani ulioukosa. Sentensi ya mwisho iseme kozi ile, kwa majina ya masomo yake mawili au matatu, inazibaje pengo hilo. Habari ya mama yako waweza kuiweka, kwa ruhusa yake, lakini isiwe kilio; iwe mistari minne.

Ukifika huko kuna mambo hutaambiwa kwenye vipeperushi. Utageuzwa sampuli: kila ikitajwa Afrika, vichwa vitakugeukia, hata mada ikiwa ni Mali au Angola usizozijua. Utasoma kurasa mia kwa wiki za watu wanaojadili mateso kwa maneno makavu, na kuna siku utachukia. Lakini utapata pia zoezi kama lililonisaidia mimi kuliko yote, la kuandika ripoti ya mashirika kwa ajili ya UPR, pale nchi inapopitiwa na wenzake Geneva. Shirika moja hupewa maneno 2,815, basi. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na 6,000. Kukata mpaka kila sentensi iwe na tarehe, sheria na jambo unalotaka dola ifanye, hiyo ni kazi ya mikono kama useremala.

Na kazi baadaye? Usiende kwa kutegemea Umoja wa Mataifa. Kujitolea Geneva mara nyingi hakulipwi na kodi ya chumba huko ni balaa. Mashirika yetu nayo yameyumba vibaya tangu Marekani ilipositisha misaada mwanzoni mwa 2025 na kulifunga shirika la USAID katikati ya mwaka ule. Wenye shahada nzuri wamebaki bila mikataba. Mtu mwenye kesi zake, wilaya yake na watu wanaomwamini huyumba kidogo kuliko mwenye cheti peke yake. Hiyo ni sababu nyingine ya kutokuharakisha.

Yapo mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi, uyafuate ana kwa ana. Kiwanja kwanza: nendeni wewe na mama ofisi ya ardhi mkahakikishe hati iko kwa jina lake, si la marehemu wala la ukoo. Miaka sita ya kupigania isiishie kwenye karatasi isiyobadilishwa. Shahada ya nje, kabla hujalipa hata senti, ulizia TCU kama chuo hicho kinatambulika. Mambo ya viza, kama kuna jambo gumu kwenye historia yako, muone mwanasheria wa uhamiaji, si wakala. Na lile la kukosa usingizi usilichukulie kuwa ndiyo kazi ilivyo. Unasikiliza kila siku yaliyompata mama yako, na darasani utayasoma tena kwa wingi. Hospitali ya rufaa ya mkoa wana maofisa wa ustawi wa jamii na wanasihi. Nenda wiki hii, useme kama ulivyoniambia mimi, kwamba unaota kesi. Kama mwezi utapita na usingizi bado haurudi, omba kumuona daktari wa afya ya akili.

Nafasi uliyopata si lazima ipotee kwa kusubiri. Mwandikie chuo mwenyewe, moja kwa moja, bila kupitia kwa mtu, uombe kuiahirisha kwa mwaka mmoja. Vyuo vingi hukubali ukieleza kwamba unatafuta ufadhili. Na wakala akipiga tena kukukumbusha tarehe, mwombe jambo moja tu: akuandikie kwenye karatasi yenye mhuri wa ofisi yake kwamba mtoto ataruhusiwa kukufuata baada ya miezi mitatu. Halafu nijulishe kama amepokea simu yako tena.